Kwa Atakayehamia Hapa

Ufunguo wa banda uko juu ya mlango, kushoto.
Bomba la jikoni hulia baridi ikizidi;
lipige kwa kiganja, litanyamaza.
Hayo madogo. Kilichonikalisha mezani ni mti.

Ule wa pembeni mwa njia ya gari,
uliojikunja kama mtu anayetafuta kifungo kilichoanguka sakafuni,
ndio mlachi.
Una sindano kama msonobari, una koni kama msonobari,
lakini kila mwaka huvua nguo zote
ukasimama uchi mbele ya Wisconsin nzima
hadi Aprili.

Umenunua nyumba Januari. Ndiyo maana naandika.
Najua unachokiona dirishani:
vijiti vya kijivu vyenye chunusi,
na koni kavu ambazo hata upepo haukuzitaka.
Najua na kinachokujia kichwani: msumeno.

Wa kwanza tuliukata.
Ardell aliupanda Septemba, tukaunywesha, tukauita mwana,
na ulipopukutika Novemba, wiki ya kuwinda kulungu,
nilisema mimi, si yeye:
umekufa huo, uondoe, unanitia aibu kwa majirani.
Hakubishana. Aliukata kabla ya chakula cha mchana.
Majuto ni mjukuu, wanasema.
Wetu alizaliwa mwezi wa tatu,
kisiki kilipoanza kutoa utomvu,
tone, tone,
unaonata, wenye harufu ya limau na tapentaini,
ukipanda kuutafuta mwili usiokuwepo.

Huu ni wa pili.
Aliuleta kutoka kitalu cha akina Kuchenbecker, mwendo wa saa tatu,
kilele kikitokeza dirishani, kimefungwa kitambaa changu chekundu.
Shimo: upana mara tatu ya mizizi, kina sawa na mizizi, si zaidi.
Jua. Nafasi. Maji miaka mitatu, kama unayemlea ndama.
Hiyo kazi imekwisha; wewe unarithi kivuli.
Kulikuwa na fimbo ya chuma
ili mti ukwee kwanza kabla haujajifunza kuinama.
Niliing'oa mwaka wa saba.
Ukikuta kovu la waya kwenye shina, ni langu. Nilichelewa.

Delmar wa nyumba ya pili atakuja kukuambia umeoza.
Ameniambia hivyo kila msimu wa baridi, miaka kumi na tisa.
Ana msumeno wake.
Mpe kahawa, kikombe kikubwa, mikono yote miwili ipate kazi.

Ukiingiwa na shaka, fanya hivi:
chagua kijiti kimoja, kwangua gamba kwa ukucha,
kidogo tu, kama unavyokwangua tikiti ya bahati nasibu.
Chini yake kijani. Chini yake majimaji.

Hospitalini La Crosse, usiku wa mwisho wa Ardell,
nilimshika mkono, nikajikuta
kidole gumba changu kinasugua, kinasugua,
pale kwenye kifundo.
Muuguzi aliniuliza kama nimepoteza pete.

Basi.
Wiki ya mwisho ya Aprili, toka nje kabla ya chai.
Juu ya kila chunusi utakuta brashi ndogo ya kijani,
laini kuliko nyusi za mtoto. Iguse, haichomi.
Na Oktoba ikiaga, mti mzima hugeuka rangi ya asali iliyopashwa moto,
siku tisa, kumi ukijaliwa,
kisha usiku mmoja huzimwaga sindano zote juu ya gari lako,
na hutazimaliza kuzitoa kwenye vifuta-kioo hadi Pasaka.
Utanilaani. Laani tu.

Reki nimekuachia, nyuma ya mlango wa banda.
Msumeno usiutafute;
nimeondoka nao.

Verna Tollefsrud